Makala Iliyofungwa

Pale chuoni walimwita Mama Makala, maana miaka kumi na tisa alikuwa akiwaganda wahadhiri kama ruba, kwa utani na kicheko, wampe nakala za tafiti zao, aziweke kwenye hifadhi ya maktaba, kila mtu azisome bure. Wengine wakimwona anakuja walijifanya wanaongea na simu.

Mdogo wake wa kiume alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha mbali. Jumatatu moja alipiga simu.

"Dada, watoto wananifia. Wanashikwa na degedege, nawapa dawa, wanazidi. Kuna makala inaeleza ugonjwa kama huu, ila naona muhtasari tu. Kwingine kumefungwa mpaka ulipie."

Mama Makala akaitafuta; hata maktaba ya chuo haikuwa imelipia. Kumbe mwandishi ni profesa wa jengo la pili, hatua chache kutoka maktaba. Akamfuata hukohuko.

"Makala si yangu tena," profesa alisema bila kuinua macho. "Nilisaini mkataba na wenye jarida. Hata mimi siwezi kuifungua."

"Mkataba unakuruhusu kutoa rasimu yako ya mwisho, Profesa. Nimeusoma. Kuna watoto wanakufa."

"Nitaitafuta, mama."

Jumanne hakuwepo. Jumatano alikuwa kikaoni. Alhamisi Mama Makala alikaa kwenye benchi nje ya mlango wake mpaka miguu ikafa ganzi. Ijumaa rasimu ikaja, bila hata salamu. Muda wote ilikuwa kwenye kompyuta ya profesa.

Mama Makala akaituma kwa mdogo wake, ndipo yeye mwenyewe akaisoma. Ukurasa wa nne ulisema waziwazi: kwa ugonjwa huu, dawa ya kawaida ya degedege huua.

Baada ya saa moja mdogo wake akapiga simu.

"Umefika ukurasa wa nne?" dada akauliza.

"Nimefika. Tangu Jumatatu ni watatu, dada. Nimewachoma sindano kwa mkono wangu huu."

"Hukujua."

"Mama zao walinishukuru."

Wawili waliobaki wodini walipona. Muuguzi aliacha kazi mwezi uleule. Sasa anaishi kwa dada yake, na kula mpaka abembelezwe.

Mama Makala bado anazunguka maofisini, ila utani wake wa zamani umekwisha. Anavuta kiti, anakaa, na haondoki mpaka rasimu itumwe mbele ya macho yake.