Blanketi la Manyoya Halichemshwi

Blanketi la manyoya halichemshwi. Nasema mapema ili mtu asije akaniuliza mwishoni kama nilijua. Nilijua. Unaliroweka kwenye maji baridi, au ya uvuguvugu kama vidole vimekufa ganzi, na sabuni iwe imeyeyuka kabisa kabla blanketi halijaingia. Unalikanyaga kwa miguu ndani ya beseni, taratibu. Halikamuliwi. Unaliinua mkiwa wawili, mnalitandaza juu ya kamba mbili kivulini, lichuruzike lenyewe mpaka lichoke. Likikaribia kukauka unalikung'uta, halafu unalichana kwa brashi laini kufuata manyoya yalikolala. Pasi usiisogeze hata karibu.

Haya alinifundisha mama yangu, huko Kitale, nyuma ya nyumba yetu, asubuhi za baridi ile inayofanya mtu atukane bila kujua anamtukana nani. Kwetu ni watu wa kulima waliotoka mlimani zamani wakaja kutafuta shamba, na mama alikuwa mkulima wa kweli, mwenye viganja vigumu ambavyo havikuhisi tena kitu. Ndiyo maana akitaka kujua ulaini wa kitambaa alipitisha mgongo wa mkono. Aliupitisha hivyo kwenye nguo za watu kanisani, akarudi nyumbani akatueleza nani anajua kufua na nani anajidanganya. Hakuwa mpole. Watu humsifu marehemu kwa upole asiokuwa nao, mimi sitafanya hivyo. Alikuwa na mdomo mkali na alipenda vitu visafi kuliko alivyopenda watu wengi, lakini sifa yake moja kwangu, wakati huo, niliibeba mwezi mzima kama mtu aliyepewa cheo.

Nilipoolewa Bungoma, mama alienda Suam mpakani mwenyewe kuchagua blanketi la kumpelekea mama mkwe wangu. Aliyafungua yote mpaka muuzaji akanuna. Akachukua moja la rangi ya damu ya mzee, lenye waridi kubwa katikati, zito, laini ukilishika unataka kulala hapo hapo sokoni. Kwetu na kwao Bungoma jambo hili linafanana: blanketi unalompa mkwe si kitu cha kutupwa kabatini. Siku aliyelitoa akija kukutembelea, lazima alikute limetandikwa kwenye kiti chake cha heshima, alikalie, ajue kwamba mlilipokea na mlimpokea yeye.

Mama mkwe alilipokea kwa vigelegele. Wageni walipoondoka akaligeuza upande huu na ule, akaniambia, "Ni zuri, rakini rinapenda vumbi kama vire mama yako anapenda maneno." Nilicheka, maana nilikuwa bibi arusi na bibi arusi hucheka.

Haki yake nimpe. Alikuwa mwanamke msafi, na alikuwa amelea watoto wengi kwenye nyumba ya udongo bila kunguni hata mmoja, na silaha yake ilikuwa maji ya kuchemka. Alichemsha yale mablanketi ya zamani ya kijivu, magumu, yanayokwaruza shingo, na yakachemka miaka yote bila kulalamika. Kwake kitu ambacho hakijachemshwa hakijafuliwa. Ila sidhani ilikuwa kutojua peke yake. Nilimwona akilipapasa lile la waridi jioni, akilivuta mpaka shavuni. Alijua ni laini. Na alijua limetoka kwa nani.

Mwaka uliofuata mama alituma salamu kwamba anakuja kututembelea. Kesho yake ikiwa ndiyo siku yenyewe, mama mkwe akanitupia blanketi miguuni uani.

"Wewe mtoto ya Kitare, hii brangeti inanuka jasho. Ati mama yako aikute hivi? Chemsha."

"Mama, hii haichemshwangi. Manyoya itashikana. Wacha niifue na maji baridi, itakauka tu."

"Itakauka saa ngapi na hii mawingu? Mimi nimerea watoto kumi na brangeti ya kuchemsha. Hapa si Kitare. Chemsha, bana."

Mume wangu alikuwa amekaa kibarazani anakula ndizi. Nilimwangalia. Aliendelea na ndizi yake.

Nikawasha moto. Tukaliingiza kwenye ile sufuria kubwa ambayo majirani huja kuazima wakiwa na matanga, na yeye mwenyewe akaleta mwiko wa ugali wa matangani akanipa nikoroge. Nililikoroga blanketi la mama yangu kama uji. Waridi lilipanda juu, likazama, likapanda tena. Nilipolitoa lilikuwa limejikunja, na manyoya yameshikana vifundo vifundo kama sufu ya kondoo aliyelala kwenye matope. Nililikausha kwa moto, nikalichana kwa brashi hadi kiwiko kikaniuma, nikapunguza kidogo sana. Mama mkwe akapita akasema, "Sasa hiyo ndio safi."

Nilichokuwa nakitaka kilikuwa kidogo tu. Nilitaka mama yangu asije akafikiri ni mimi.

Mama alikuja na kapu la viazi na gauni lake la kanisani. Akakaribishwa kwenye kiti. Alipokaa tu, kabla hata chai haijaletwa, mkono wake ulienda nyuma wenyewe. Mgongo wa mkono ukapita juu ya blanketi mara moja, ukasimama.

"Nani huosha hii?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza habari za mvua.

"Si ni huyu wako," mama mkwe akasema, akitabasamu mpaka magego. "Tangu aorewe mimi sijashika maji. Kazi yote namwachia yeye." Akanigeukia. "Sasa mama, reta chai."

Wala hakudanganya, na hapo ndipo alipokuwa hodari. Nami nikiwa mke wa mwanawe siwezi kumkanusha mama mkwe mbele ya mama yangu. Mwenye adabu zake humeza, hata kama ni mwiba. Nilimeza. Nikaenda kuleta chai, na visahani viliimba njia nzima.

Nilimsindikiza mama hadi kwenye lango.

"Mami," akaniambia, kwani nimepewa jina la mama yake na hivyo ndivyo alivyoniita siku zote. "Hata mbuzi ukiifundisha njia, inashika."

Akaondoka na kapu lake tupu.

Nilivumilia kwa muda, kisha nikafunga safari hadi Kitale kwa ajili ya jambo hilo tu. Nikamkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia yote: maji, sufuria, mwiko, ndizi ya mume wangu. Nililia. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Yeye ndiye alisema uchemshe?"

"Haki ya Mungu, mama."

"Na mkono ulikuwa wa nani?"

Nikaitazama mikono yangu.

"Maneno ya nyumba ya watu usiniletee hapa," akasema. "Mwanamke wa kusingizia mama mkwe juu ya blanketi, kesho atamsingizia juu ya mtoto. Mimi sikulea hivyo."

Hakunisamehe. Najua jinsi inavyosikika, mtu kumkatia tamaa mwanawe kwa sababu ya blanketi, lakini mama alikuwa na vitu vichache vya kumpa mtu na alikuwa amevitoa vyote kwangu. Alipougua, nilienda kumuuguza. Mke wa kaka yangu ndiye aliyefua malazi yake. Siku moja nilishika ncha ya blanketi lake tuliinue pamoja na wifi, na mama, akiwa kitandani, mbele ya akina mama wa kanisa waliokuja kumwombea, akasema, "Huyo mwacheni. Huyo aoshe vikombe." Akina mama wakacheka kwa huruma ile mbaya. Nikaenda nikaosha vikombe. Alikufa wakati wa kupanda mahindi, na hayo ndiyo maneno ya mwisho ya maana niliyopata kutoka kwake.

Sasa mama mkwe ndiye amelala. Ugonjwa ulimchukua upande wa kushoto ukamwachia ulimi, kama vile ulijua ni kipi angekililia. Mume wangu ni kitinda mimba, nyumba ile ni yetu, kwa hiyo mimi ndiye ninayemgeuza, ninayemlisha na kumfulia. Ninamfanyia yote vizuri. Hakuna kidonda mgongoni mwake, njooni mtazame.

Lile la waridi bado lipo. Analalamika kwamba linamkwaruza. Mwezi uliopita binti yake akamletea jipya kutoka Nairobi, la rangi ya maziwa, laini kuliko hata lile la Suam. Akalivuta kwa mkono mmoja mpaka shavuni, akafumba macho. Nilisimama mlangoni nikamwangalia. Baada ya wiki mbili likachafuka, maana mgonjwa ni mgonjwa, nikalitoa nikalifue.

"Mama," akaniita kwa sauti ndogo. "Hiyo fua na maji baridi. Usichemshe. Manyoya itashikana."

Yalikuwa maneno yangu mwenyewe, karibu neno kwa neno. Alikuwa ameyaweka miaka yote hii.

"Hapa si Kitale," nikamwambia.

Niliwasha moto. Sufuria ya matanga ilikuwa palepale, na mwiko palepale. Nililikoroga mpaka nikatosheka, nikalikausha, nikamfunika nalo vizuri hadi kidevuni. Alilipapasa kwa mkono wake mzima. Akina mama wa kanisa lake walipokuja Jumapili, mmoja akalishika akauliza, "Kwani hii ilifanya nini?" Mama mkwe akaniangalia. Mimi nikatabasamu mpaka magego, nikasema mama huyu mwenyewe ndiye aliyenifundisha kufua, tangu niolewe. Naye akameza.

Sikuona haya wakati ule, na ninapoandika sioni. Nilichoona ni kile kiti cha heshima kikiwa kitupu kando ya kitanda. Nilitaka mama yangu awe amekikalia, asikie, ajue ni nani alisema na ni nani alitenda. Lakini kama angekuwepo, angenyoosha mgongo wa mkono wake juu ya blanketi lile jeupe, na angeniuliza swali lilelile: mkono ulikuwa wa nani?