Mpini wa Kimo Changu

Juzi niliwaona wanachama wa klabu ya kujitolea wakimlimia mgonjwa shamba kule Pito. Nikajikuta natafuta kwa macho kama nyumba ile ina mtoto.

Kwetu walikuja mchana mmoja wa masika, nikiwa mtoto. Mama alikuwa mgonjwa, amelala mkekani barazani, kikohozi chake kikisikika hadi shambani. Walitutengenezea matuta, wakifukia majani mabichi yaoze, ili mwaka unaofuata tusie mbegu za ulezi. Udongo ulinukia vizuri. Nikajigamba kwa wadogo zangu, "Mnaona mama anavyopendwa?"

Mwenyekiti wao, Mama Kalista, akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama wima nikupime."

"Mnanishonea gauni?"

Wanawake wa klabu walicheka, kisha wakainamia majembe yao. Mama Kalista aliweka jembe jipya ubavuni kwangu, akatia alama kwenye mpini, akachukua panga.

"Usiukate sana," mama alisema kutoka barazani. "Bado anarefuka."

Nilirukaruka kwa furaha. Sikujua kwamba klabu ile haikupima watoto wa nyumba ambazo mgonjwa wao angepona.

Mama Kalista aliukata mpini, akanipa jembe, akanishika mikono, akanirudisha tena na tena mpaka tuta langu likakaa sawa. Mama alijiinua kwa kiwiko, akitazama mikono yangu tu.

"Na kusia ulezi mfundisheni," alisema.

"Msimu wake bado, dada. Tutakuja tena."

"Mfundisheni leo," mama alisema, "nikiwa naona."