Kutoa Tatu

Siwapendi wataalamu wa kompyuta, na ninayemdharau kuliko wote ni yule kijana wa Kizwite aliyefunga tai kwenye vumbi la Sumbawanga kwa sababu ya cheti cha miezi tisa. Kijana huyo nilikuwa mimi.

Enzi hizo za biashara huria kila mwenye basi alikuwa tajiri, na kila tajiri alitaka kompyuta. Wangu alinunua moja, akaifunika kitambaa cha kufuma, akataka iandike tiketi. Lakini kwa saa ya Kiswahili, alisema, maana abiria wakiona sita watakuja mchana.

Programu ilitunza muda kwa saa za Greenwich. Tanzania iko mbele kwa saa tatu: unaongeza tatu, kisha unabadilisha maandishi tu, kwa ajili ya msomaji. Mimi nikajitia ujanja. Kuongeza tatu na kutoa sita, si ni kutoa tatu? Nikaiambia kompyuta kwamba Sumbawanga iko nyuma ya Greenwich, huko kwa Wabrazili. Tiketi zikatoka "saa 12", tajiri akapiga makofi, nami nikatembea mjini nimetuna kama chura.

Kosa lilijificha kwa sababu basi liliondoka saa kumi na mbili asubuhi, ambayo kwa Wabrazili ni saa sita kamili usiku, tarehe imeshageuka. Kisha mpinzani akaanza kuwahi abiria, na tajiri akasogeza safari hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa kompyuta yangu ya Kibrazili, saa hiyo ilikuwa bado jana: tiketi ikatoka na saa sahihi, tarehe ya nyuma.

Wiki hiyohiyo nilimkatia mama yangu tiketi ya Mbeya. Alikuwa ametoka kijijini Mwazye. Jicho moja lilishakufa, na daktari wa kumpasua la pili angekuwa Mbeya Ijumaa tu. Safari ilikuwa Alhamisi. Sikuisoma tiketi, bwana mtaalamu angesomaje kazi yake mwenyewe?

Alhamisi saa mbili asubuhi nilimkuta amekaa kwenye ngazi ya ofisi na kikapu chake.

"Shikamoo mama. Hukupanda?"

"Marahaba. Kondakta amesema tiketi ni ya jana, Jumatano. Vijana wenye tiketi kama yangu wamegombana naye, wakapanda. Mimi nikasema, aliyeiandika ni mwanangu, hawezi kukosea. Itakuwa nimekosea siku mimi."

Nikaitazama ile tiketi. Tajiri alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Umekosea siku."