Mwendo wa Saa Moja Mpaka Iringa

Nimekosa, jamani. Hapa Mbeya hakuna kitu nisichokifanyia utani, lakini hili limenishinda. Ndiyo maana nawaandikia bila jina.

Kazi yangu iko kiwanja cha ndege. Msidhani rubani! Nafukuza ng'ombe ndege ikitaka kutua. Ila nimepewa koti la kaki lenye vifungo vya shaba, na mdomo nilizaliwa nao.

Kuna mshonaji mmoja, Mhehe, anakaa na cherehani barazani pa duka la Mhindi. Tunamwita Fundi. Kwao Iringa aliondoka kwa ugomvi, mama yake akamtupia neno: "Hutalea mtoto." Tangu hapo amezika wawili. Sasa mkewe ana mimba ya tatu.

Jumanne moja ikaja habari: mama mgonjwa sana, anamwita upesi amtemee maji kifuani, aondoe lile neno kabla hajafa. Fundi akafunga furushi, akapanda lori.

Nami ndiyo nikapita. Loo, mdomo wangu!

"Fundi! Maili mia mbili na kitu juu ya magunia? Utafika kesho una vumbi mpaka kwenye meno, mama aulize huyu mzimu wa nani! Ndege ni mwendo wa saa moja tu. Unakunywa chai hapa, hujacheua, uko Iringa!"

Watu wakaangua kicheko. Nikanogewa.

"Ndege gani itanibeba mimi?" akauliza.

"Ya keshokutwa, Alhamisi. Rubani rafiki yangu. Nakupakia mwenyewe, bure!"

Nilijua atacheka. Akashusha furushi. Jamani, akashusha! "Ahsante, mdogo wangu," akaniambia. Dereva akapiga honi, lori likaondoka. Nilitaka kusema natania, lakini watu walikuwa bado wanaangalia vifungo vyangu. Jumatano nikajificha Iyunga kwa dada.

Alhamisi Fundi alifika kiwanjani kabla yangu, kavaa shati jipya. Ndege ikatua. Rubani akanipita kama nguzo. Wazungu wawili wakapanda, mlango ukafungwa. Fundi kasimama, kakumbatia furushi.

"Nilikuwa natania, Fundi."

Eti ndiyo nasema hapo!

Hakunitukana. Aliitazama tu ile ndege ikiruka mpaka ikamezwa na mawingu.

Ijumaa akapata lori. Alifika Jumamosi, udongo wa kaburi bado mbichi. Mama alikata roho Alhamisi jioni. Jumatano nzima alikuwa akisikia lori anaomba kikombe cha maji, anasema, "Huyo mwanangu."

Na kweli Jumatano angekuwa amefika!

Fundi amerudi, anashona kama zamani. Ila kila Alhamisi ndege ikivuma, watu wanasema anasimamisha mguu kwenye cherehani, ananitafuta kwa macho upande wa kiwanjani mpaka mlio uishe. Jana nilikutana na mkewe sokoni, tumbo limeshuka. Akanisalimu vizuri, "Hujambo, shemeji?" Nikakimbia bila kuitikia.

Vijana wenzangu mnaopenda kuchekesha watu, nawaomba: mtu akishafunga furushi lake, mwacheni apande lori lake. Ule mwendo wa saa moja ni wa wale wanaofunguliwa mlango. Mimi nilijua. Yeye aliniamini kwa sababu ya koti.

Asubuhi hii nimepita pale barazani. Cherehani imenyamaza, imefunikwa kitambaa; nimeogopa kuuliza habari za mtoto. Na leo siyo Alhamisi.