Wangoje Ameze

Mama yangu Jenoveva hakuwa mroho. Nimelisema hilo kijiji kizima cha Rangwi na nitalisema tena, maana watu wazima na akili zao walimpa jina hilo kisa alikuwa anakohoa akila.

Alikuwa na miaka sabini na miwili, mzima wa afya. Kwenye shamba la ujamaa, mstari wake wa maharage uliwaacha nyuma wengi wanaoota ndevu sasa hivi.

Saa ya chakula tulikula makande pamoja kando ya shamba. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko sote, basi kila aliyepita na sahani yake alimwamkia, naye akaitikia kila mmoja, makande mdomoni. Marahaba, marahaba, marahaba, mpaka siku moja akapaliwa vibaya, macho yakamtoka.

Mwenyekiti wetu, Kornelio, akacheka. "Mama, makande hayakimbii." Kisha akachukua jembe la mama, akasema mzee abaki nyumbani anywe uji. Watu wakaitikia sawa. Nilikasirika, kwa sababu uji mwepesi ndio uliokuwa ukimpalia zaidi. Nani aliniuliza?

Mama akalia usiku kucha. Kulima ndiko alikokujua, na bila jembe alijiona mzigo.

Nikampeleka zahanati. Mganga, Paskali, akamtazama akimeza maji, akasema haumwi kitu. "Koo nalo huzeeka kama magoti, linachelewa kuziba njia ya pumzi. Kaa wima, kula kidogo kidogo, na usiseme neno kabla hujameza."

"Na wakiniamkia?"

"Wangoje umeze."

Mama akaona haya. Maisha yake yote hajawahi kuinyima shikamoo jibu. Mimi nikamwambia, heshima gani hiyo isiyoweza kungoja mtu ameze?

Jumatatu tukaenda shambani. Akakaa wima juu ya gogo, akaanza kula. Kornelio akaja na sahani yake.

"Shikamoo mama."

Mama akaendelea kutafuna. Watu wakaacha kula. Kornelio akarudia kwa sauti, uso umemwiva. Mama akameza. Akangoja, akameza tena. Hakukohoa.

"Marahaba, Kornelio," akasema. "Haya, jembe langu liko wapi?"

Kornelio akaenda kulileta mwenyewe.