Dalia na Vijiti vya Muhogo

Binti yetu aliposema anataka kuingia kanisani na maua ya kweli mkononi, niliapa palepale: yatatoka hapa nyumbani. Huku Uvira maarusi wengi hushika ya plastiki, na mimi siyapendi hata kidogo.

Mume wangu alicheka. "Weye, maua tunakula?" Yeye ni mkulima, mzaliwa wa Bwegera. Kwake kisichoingia kwenye sufuria ni majani tu.

Nikapanda dalia, maua makubwa mekundu, zikarefuka mpaka kifuani. Mchana mmoja upepo wa ziwa ukazilaza zote chini. Hasira ilinipanda! Nikachukua vijiti vya muhogo vilivyoegemea jikoni tangu siku nyingi, nikavichomeka, kila shina na kijiti chake, nikafunga kwa kamba za mgomba, tena bila kukaza sana. Jioni nzima nilijisifu.

Mvua ikanyesha. Vijiti nilivyodhani vimekauka vikachipua! Mimi, mtoto wa wakulima, nimepanda muhogo katikati ya maua yangu. Jirani akachungulia, akauliza: "Mama, hii iko bustani ao iko shamba?" Nikamwambia aende zake.

Aliyefurahi ni mume wangu. Kila asubuhi akawa anamwagilia, muhogo wake lakini, si maua yangu. Akakataza mtu kuchuma sombe, yaani majani ya muhogo ya kupika, eti ukichuma majani mapema mizizi inadumaa. Basi majani yakazifunika dalia, vitumba vikagoma kufunguka, na ndoa imebaki wiki mbili. Kung'oa vijiti nisingeweza, maua yangeanguka tena. Tuligombana mpaka nikanuna. Binti akatusikia.

"Papa, acha tu," akamwambia baba yake taratibu. "Nitashika ya plastiki."

Kesho yake asubuhi nilimkuta mume wangu bustanini na kitunga, anachuma sombe yote, jani kwa jani. Vijiti vimebaki vitupu, vimeshika dalia, na jua linaingia.

"Mutoto yangu hataingia mu kanisa na plastiki," alisema bila kuniangalia. Wiki hiyo tulikula sombe mpaka tukachoka.

Siku ya ndoa alimsindikiza binti mpaka altareni, dalia nyekundu mikononi mwa bibi arusi, kisha akaja kuketi kando yangu. Akaniinamia sikioni.

"Umeona maua yetu?"

Yetu! Nilitaka kumtania, lakini machozi yalinitangulia.