Mama mkwe halali kwa mkwewe: nilivyohangaika kumtafutia mama yangu pa kulala kando ya Ziwa Como

Wakuu, habari za humu ndani.

Kuna mwenzetu jana kaanzisha uzi anauliza, akienda mapumziko Ziwa Como alale upande gani. Nimesoma majibu yenu: view, bei, umbali wa stesheni, breakfast ipo au haipo. Yote sawa. Mimi hayo ndiyo niliyaangalia mwisho kabisa, na nitawaeleza kwa nini bila kutia chumvi, maana mhusika mmoja anasoma jukwaa hili na atanisuta.

Ilikuwa miaka ya 2000 mwanzoni. Naishi Barking, mashariki mwa London, ni nesi. Enzi zile za kadi za simu za kukwangua. Internet ipo, lakini picha moja ya hotel inafunguka wakati chai umeshaimaliza.

Mama yangu alikuja kutoka Musoma. Alikuwa na visa ya Uingereza, na ya Italia tulimwombea huko huko Dar, kwa sababu safari yenyewe hasa ilikuwa ya Italia.

Mdogo wangu Pendo ameolewa huko, katika mji mdogo kando ya ziwa. Mumewe ni Mtaliano anaitwa Sandro, fundi wa boti. Pendo alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza baada ya kusubiri miaka mingi na kulia sana. Mama alikuwa anakwenda kumwona mjukuu na kumkanda mzazi.

Basi Mama katua Barking, kapumzika, begi la zawadi za mjukuu limeshafungwa. Siku ya pili yuko mezani anakunywa chai, akaniuliza kwa upole:

"Magesa, huko tuendako nitalala wapi?"

Nikamwambia utalala kwa Pendo, Mama, wana chumba.

"Kwa Pendo ni kwa Sandro," akasema. "Mimi silali kwa mkwe wangu."

Watu wa Mara mmeshaelewa. Kwa wengine nifafanue kidogo. Kwetu, mama mkwe na mkwe wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na kulala chini ya paa moja ndiyo haiwezekani kabisa. Wala siyo chuki. Heshima ikizidi, umbali nao unazidi.

Binti yangu Neema alikuwepo. Huyu kazaliwa hapa London, Kiswahili anakisikia vizuri ila anajibu kizungu. Akasema, "But Bibi, you're sleeping here."

"Hapa ni kwa mwanangu," Mama akamjibu.

"Auntie Pendo is your child too."

Mama akamwambia amalize mkate wake.

Nikaona ni jambo dogo. Si hotel tu? Nikampigia Pendo anitajie hotel iliyo jirani nao. Nilitegemea dakika mbili. Pendo akaanza kulia.

"Kaka, ukimpeleka Mama hotelini umenivunjia nyumba."

Ndipo nikajua kitu ambacho sikuwa nakijua. Sandro alipokwenda Musoma kuleta posa, Mama alimsalimia akiwa mlango wa jikoni, khanga imefunika kichwa, uso ameugeuzia pembeni, halafu akapotea. Siku zote Sandro alizokaa pale, Mama hakula naye hata mara moja. Sisi tuliona Mama kampa mkwe heshima yote. Lakini kwao Sandro, mama mkwe asiyekaa mezani na wewe amekukataa. Pendo alimweleza akachoka, yeye akadhani anabembelezwa tu.

Sasa jamaa kapaka rangi chumba kizima kwa mikono yake, kaleta kitanda kipya, kaambia mtaa mzima kuwa mama mkwe anakuja. Mji wenyewe ni ule wa kila mtu kumjua mwenzake. Bibi wa mtoto atoke Afrika, apite mlango wa mkwewe akalale hotel? Pendo aliniambia wazi: "Sandro ataamini moja kwa moja kuwa Mama anamchukia, na kuna vitu mtu akishaviamini havitoki."

Nikarudi kwa Mama. Mama hakugomba. Alisema hivi:

"Basi nitamwona mjukuu kwenye picha. Wengi tu wanawaona hivyo hivyo."

Wakuu, ile sentensi iliniuma. Mama ameuza ng'ombe, amevuka bahari, amefika London, amebakiza safari fupi ya ndege, halafu arudi Musoma na picha. Na ile visa ya Italia ilikuwa inaelekea ukingoni.

Nikaanza msako. Kila nikitoka shift napita maktaba ya Barking, nakaa na kitabu cha watalii.

Kulikuwa na nyumba ya wageni ya watawa, juu mlimani. Safi, bei nzuri, na nikafikiri hakuna atakayesema bibi kaenda hotel, kaenda kwa masista. Nikapiga simu. Sista aliyepokea akaniambia kupanda ni kwa ngazi, na geti linafungwa mapema. Magoti ya Mama mimi ndiye ninayeyapaka dawa, nikaifuta.

Kulikuwa na flat ng'ambo ya ziwa, inatazamana na mji wa akina Pendo. View ya kukata na shoka. Mama Neema, mke wangu, akaniuliza boti ya mwisho ni saa ngapi. Ni jioni. Kwa hiyo mtoto akilia usiku, Mama amsikilize ng'ambo kama redio.

Nikampigia baba mdogo Musoma, nikidhani mzee atapata njia ya kulegeza mila. Akasema mkwe atoe mbuzi, heshima ilegezwe. Mama alikuwa nyuma yangu anasikia. Akasema, "Mwambie kulegeza ni hiari ya mwenye heshima, na mimi sijalegeza."

Nilivyokata simu, Mama Neema alikuwa anakunja nguo. Huyu ni wa Tanga, mila zetu anazitazama kwa mbali. Akasema, "Baba Neema, umeongea na dada, na mama, na baba mdogo, mpaka na masista. Mwenye nyumba umeongea naye lini?"

Kweli, sikuwa nimeongea naye. Pendo alinikataza, na mimi nikaona afadhali.

Nikakwangua kadi nyingine, nikampigia Sandro kazini kwake. Kiingereza chake cha kuungaunga, changu cha wodini. Nikamwambia yote kama yalivyo. Kwamba mama yangu hawezi kulala nyumbani kwake, na kwamba hawezi kwa sababu yeye ni mkwe kamili. Angekuwa kijana wa mtaani tu, Mama angekaa naye, angekula naye, angemtuma hata dukani. Anayekaa naye mbali namna ile ni mume wa mwanawe.

Nikadhani kadi imekwisha.

Halafu akauliza taratibu, "At the kitchen door... she was not angry?"

Nikamwambia hapana, shemeji. Pale ulikuwa unapewa heshima ambayo hata mimi mwanawe sijawahi kupewa.

Nikasikia anacheka, kisha nikasikia anapenga kamasi. Miaka yote ile jamaa alikuwa anatembea na ule mlango wa jikoni kifuani. Nilimwonea huruma kweli.

Halafu akaniambia kitu. Mama yake mzazi, Signora Rita, ni mjane, anaishi nyumba ya pili kutoka kwao. Naye halali kwa Sandro. Tangu kijana wake aoe, jioni ikifika anavaa koti anaondoka, hata mvua inyeshe. Anasema nyumba yenye mke ina mwenyewe.

"Your mother can sleep with my mother," akasema.

Nikampelekea Mama habari. Akanihoji kama karani wa mahakama.

"Nyumba ni ya nani?"

Ya mama yake.

"Sandro halali humo?"

Halali, Mama.

"Ina mlango wake?"

Inao.

Akafunga khanga yake vizuri. "Huyo ni mwenzangu. Kwa mwenzangu nitalala."

Mimi na Mama tukaruka kutoka Stansted mpaka Bergamo, halafu treni na basi. Basi lilipofuata ukingo wa ziwa, abiria wote wanapiga picha, mimi nikamwangalia Mama. Huyu kakulia Musoma, ziwa lake halina mwisho. Akatazama ile milima iliyosimama pande zote.

"Ziwa zuri," akasema. "Ila wamelibana."

Kituoni ukoo mzima wa Sandro ulikuwa umejaa. Wataliano mnawajua, ni mabusu shavu hili na shavu lile. Signora Rita akamkumbatia Mama kama waliosoma pamoja. Mimi macho yangu yanamtafuta Sandro. Najua akija na yale mabusu yao imekula kwetu.

Sandro alikuwa ng'ambo ya barabara, amesimama kando ya gari, kofia mkononi, anatazama chini.

"Shikamoo, Mama," akasema kwa sauti, mtaa mzima ukageuka.

Mama akavuta khanga kichwani, akatazama ziwa.

"Marahaba, baba."

Pendo, na mtoto mkononi, akaanza kulia tena. Mimi nilijifanya nashughulika na mabegi.

Msidhani yaliishia hapo. Tulipofika kwa Signora Rita, Mama akaonyeshwa chumba, kitanda kimetandikwa shuka la kudarizi. Nikatoka. Baada ya muda narudi, namkuta kakaa kwenye kiti na pochi mapajani. Ukutani kuna picha ya mtoto wa shule, meno ya mbele hana. Sandro. Kile kilikuwa kitanda chake cha ujana.

Masuala yote yale ya mlango na paa, hakuna aliyewaza kitanda. Kwenye kile kitanda cha mkwe Mama hapandi, hilo nililijua.

Nikamwita Pendo afanye ukalimani. Nilitegemea Signora Rita atanuna. Yule mama akasikiliza, akaitazama ile picha, akamtazama Mama. Akamshika mkono, akampeleka chumbani kwake mwenyewe, akavua shuka zake kitandani, akatandika nyingine. Yeye akaenda kulala kwenye kitanda cha mwanawe muda wote tuliokaa.

Mama aliniambia kesho yake, "Yule mwanamke kafundwa." Kwa Mama, hakuna sifa inayozidi hiyo.

Baada ya hapo ilikuwa raha tupu. Asubuhi Sandro akishaenda kwenye boti zake, Mama anaingia kumkanda Pendo na kumwogesha mjukuu. Uji wa Mama na supu ya Signora Rita viligombania jiko moja, kila mmoja anafoka kwa lugha yake, halafu wanacheka. Jioni Sandro anapiga mluzi tangu kwenye kona, ili Mama apate muda wa kutokea mlango wa nyuma. Hakuna aliyemfundisha. Kwenye kile chumba alichokipaka rangi nililala mimi, na kitanda chake kipya nakisifu mpaka leo.

Somo langu ni hili. Mkitafuta pa kulala ugenini, view haikimbii. Kwanza jueni nani anawasubiri na ataumia na nini. Na mwenye nyumba aambiwe ukweli yeye mwenyewe, mapema. Mimi nilizunguka mpaka kwa masista kumkwepa mtu aliyekuwa na jibu.

Siku ya kuondoka, Sandro alitupakilia mizigo kwenye basi, kisha akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akafika mwisho wa gati kule boti zinakofungwa. Kutoka huko akainua kofia. Basi likaondoka. Mama alimtazama dirishani kwa kuibia mpaka kona ikamficha.

"Umeona alikosimama?" akaniambia. "Yule mtoto ananipenda sana."

Haya, wenye wakwe wa mbali na wa karibu, uwanja ni wenu. Mama zenu mliwalaza wapi? Na wewe Pendo, najua upo humu, kama nimekosea mahali sahihisha.